Dirisha Lililogeuzwa Mlango

Nimekasirika. Mbele ya watu mdomo wangu hukataa kufunguka, kwa hivyo naandika.

Tunajenga nyumba ya wikendi mlimani. Ukitoka kwetu Jamhuri unafuata Ngong Road, unapita Karen, unaacha lami, halafu unapanda hadi mahali ambapo upepo haupumziki. Baba huiita "kibanda" akiwa na watu wa kanisa, ili asionekane anajigamba. Akiwa na ndugu zake huiita "nyumbani", ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyezaliwa pale.

Tulianza nikiwa darasa la sita. Kwanza tuliweka stoo ya mabati, ambamo tulikaa tukisubiri mvua iishe huku tukila mayai ya kuchemsha. Baadaye ukaja msingi. Msingi wa mteremko unakula mawe kama mtu aliyelala njaa: upande wa juu ulinifika magotini, upande wa chini ulinipita kimo. Kila awamu ikiisha tunarudi Jamhuri tukae miezi na miezi, na tukienda tena tunakuta nyasi zimeota katikati ya kokoto, kama vile mlima umeamua kuchukua kitu chake.

Sakafu ilipokwisha kumwagwa, baba alinisimamisha kwenye pembe ya chini, inayotazama bonde, akaniambia, "Mami, hapa ni kwako. Dirisha liangalie wapi?"

Nilinyoosha kidole tu kuelekea bondeni, na yeye akamwita fundi aweke alama.

Ninataka ieleweke chumba hicho kilikuwa nini kwangu. Jamhuri nalala na shosho, mama yake baba. Nampenda, lakini redio yake huanza nyimbo za injili kabla jogoo wa jirani hajafikiria kuwika, na akiomba hunitaja kwa sauti, pamoja na makosa yangu yote. Shuleni nalala bwenini, na kila mtu anajua rangi ya blanketi langu na idadi ya mara nilizolia. Sijawahi kufunga mlango nikajua kwamba hakuna atakayeufungua. Hata mara moja.

Kwa hivyo nilifanya kazi. Zege likishamwagwa lazima linyweshwe maji kwa siku nyingi, la sivyo linapasuka. Wakati wa likizo baba aliniacha huko na mama, na nikawa mtu wa maji. Nilichota kwenye tangi kwa mtungi wa plastiki, nikapanda, nikamwaga, nikashuka. Vyumba vingine nilivinywesha kwa sababu niliambiwa. Changu nilikinywesha mpaka fundi akacheka.

"Madam, hapa unapanda mchele?"

Hata dirisha nililichagua mwenyewe, kwa wale wachomeleaji wa kando ya Ngong Road. Baba alitaka grili zenye maua. Nilitikisa kichwa. Nilitaka vyuma vilivyonyooka, vyembamba, visivyozuia bonde. Lilipowekwa, nilisimama nyuma ya kioo nikaangalia kivuli cha wingu kikitambaa kule chini, na kwa mara ya kwanza nilihisi kwamba kuna mahali duniani panaponisubiri.

Halafu Desemba ndugu yangu akapashwa tohara.

Ana miaka kumi na minne. Alipelekwa kambi ya kanisa na wavulana wengine, na akarudi akitembea miguu ikiwa mbali mbali, anasalimiwa kwa mkono na maanko ambao Novemba walikuwa wakimwagiza soda. Kwetu, mvulana akishatahiriwa hafai tena kulala ndani ya nyumba ya mama yake. Zamani walijengewa nyumba yao pembeni. Mjini watu hutumia kile chumba cha nje cha mfanyakazi, ama wanajifanya wamesahau. Sisi Jamhuri tulijifanya tumesahau, maana hatuna pa kumpeleka, na kijana aliendelea kulala kwenye kochi la sebuleni. Sikujua kwamba baba na kaka yake mkubwa walikuwa wanakumbuka kwa niaba ya mlima.

Januari, kabla sijarudi shule, baba alinituma mjini. "Pitia River Road, uniletee kitasa kizuri. Cha mlango wa nje."

Nilidhani ni cha mlango mkubwa. Nilisimama kwenye duka lile watu wakinipita mbele mara kadhaa, kwa sababu siwezi kuita, hadi muuzaji akaniona.

"Siste, unatafuta nini na hiyo ukimya yote?"

"Kitasa. Ya mlango ya nje."

"Mnaogopa wezi ama mnaogopa jamaa?" akauliza, na watu wakacheka. Nilicheka pia. Nilikibeba kitasa kile kwenye mkoba wangu wa shule, nimekifunga na sweta ili kisikwaruzwe.

Jumamosi tulipofika, dirisha langu lilikuwa limelala chali kwenye nyasi, vioo vikitazama juu. Pale lilipokuwa, ukuta ulikuwa umevunjwa hadi chini na kizingiti kimeshamwagwa. Nikakimbia ndani. Mlango wa chumba changu, ule wa kuingilia kutoka koridoni, ulikuwa umezibwa kwa mawe mapya, saruji bado ikiwa mbichi. Niligusa. Kidole kikaingia.

Nilipotoka nje, anko mkubwa, yule kaka yake baba, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, kofia magotini, anamwelekeza fundi kama yeye ndiye aliyekuwa akibeba maji.

"Huyu kijana ni mwanaume sasa," alikuwa akimwambia mama. "Atapitia jikoni kwako akienda kulala? Watu watatuonaje?"

"Na huyu?" mama akauliza, akinionyesha kwa kidevu. Aliuliza polepole sana, kama anayeuliza bei ya kitu ambacho hana nia ya kukinunua.

"Huyu?" Anko akacheka. "Huyu ni wa kwenda. Kesho kutwa ataolewa Lavington huko, akuwe na nyumba ya kutushinda sisi wote. Si ndio, mami? Utatukaribisha, ama utatuwekea mbwa?"

Wote walicheka. Baba hakucheka. Alinyoosha mkono tu.

"Kitasa umeleta?"

Nikakitoa kwenye sweta, nikampa.

Tangu siku hiyo, tukiwa mlimani, mimi hulala sebuleni kwenye godoro, pale chini. Na hapa ndipo hasira yangu inapopata miguu: ndugu yangu hataki kile chumba! Wikendi ya kwanza alisindikizwa kama bwana harusi. Baba akamkabidhi ufunguo, anko akaomba. Asubuhi niliamka nikamkuta amelala kando ya godoro langu, amejifunika jaketi, viatu vikiwa miguuni.

"Umefuata nini huku?"

"Upepo inagonga mlango. Hapo nje nimejiskia mpweke, wacha tu. Na kuna fisi, si unajua."

"Wewe si ni mwanaume?"

"Wachana na mimi, siz."

"Basi mwambie dadi hukitaki."

Alikaa, akajikuna kichwa. "Niambie dadi naogopa mlango? Anko akiskia si nitachekwa mpaka nizeeke."

Na hivyo ndivyo ilivyo hadi leo. Kila wikendi tukienda huko chumba kinafungwa kwa kitasa nilichokibeba mimi, mvulana anaaga kwa sauti nzito, anazunguka nyumba, halafu anarudi kwa mlango wa jikoni wa mama yake, ule ule ambao ukuta ulivunjwa ili asiupitie. Mama anajua. Shosho anajua, ameanza hata kumwachia blanketi. Nadhani baba pia anajua, kwa sababu siku moja alipeleka mifuko ya saruji mle ndani na hakuuliza kwa nini kitanda hakijawahi kutandikuliwa. Saruji ina chumba. Mimi sina.

Likizo hii baba alitangaza awamu nyingine. Jumamosi asubuhi gari lilikuwa linanguruma nje ya geti letu, mama mbele, shosho na ndugu yangu nyuma, mitungi ya maji imejazana hadi kwenye kioo. Nilisimama mlangoni nikiwa na patipati miguuni.

"Twende, tumechelewa," baba akaita.

"Siendi."

Sijui ni nani kati yetu aliyeshtuka zaidi.

"Unaumwa?"

"Hapana. Nimekasirika."

Alizima gari. Ndugu yangu aliinamia simu yake kama anayetafuta mtandao chini ya kiti. Baba akashuka, akaja hadi kwenye ngazi, akaongea kwa sauti ya chini, majirani wasisikie.

"Ni ile mambo ya chumba? Si ungesema."

Ungesema! Nilisema kwa mtungi, likizo nzima. Nilisema kwa kidole, naye akakielewa vizuri sana wakati huo. Lakini sikumjibu hayo. Nilikuwa na nafasi ya maneno machache tu, ilibidi niyachague.

"Nasema sasa."

"Sikiza, mami. Awamu hii nakuongezea chumba upande wa juu. Kizuri kuliko kile. Kina kabati."

"Upande wa juu unatazama tangi."

"Tutapanda miti."

"Sitaki cha kuongezewa. Nataka kile."

Aliangalia gari, akaniangalia. "Na anko wako nimwambie nini?"

"Mwambie ni cha msichana wako."

Alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona baba anatafuta neno na asilipate, kama mimi kwenye maduka. Jirani akapiga honi kwa sababu tumemzibia njia. Baba akarudi kwenye gari, akaliwasha, akakaa kidogo mkono ukiwa kwenye gia, mlango wa nyuma bado uko wazi, nafasi yangu iko pale kando ya shosho. Jirani akapiga honi tena. Shosho akauvuta ule mlango mwenyewe, akaufunga.

Sikupanda.