Njahi za Cucu na Mbwa Aliyeokoka

Kama uliwahi kunywa maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya shuleni, kwa kung'ata pembe ya pakiti mpaka yakakurukia puani, basi wewe ni mwenzangu, na haya nakuandikia wewe. Tulipokuwa wadogo huku Gatitu, pembeni mwa mji wa Nyeri, asubuhi zilikuwa na baridi ya kung'oa masikio. Tulikwenda shule miguu mitupu, na tukipita penye zizi tulisimama kidogo mahali ng'ombe alipolalia ili nyayo zipate joto. Jioni tulicheza mpira wa kati na brikicho ya kujificha mpaka giza likatushika. Mama yangu hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alisimama mlangoni tu akasema kwa upole, "Ukimaliza kucheza uniambie, kuna kazi inakungoja." Hapo mchezo ulikuwa umekwisha.

Wenzangu walikuwa watoto wa kawaida. Mimi nilikuwa na wasiwasi, na sijui niliutoa wapi. Nilipanga kuni kwa unene. Nikifagia uwanja nilifagia kwa mistari iliyonyooka, na kuku akipita juu yake nilianza upya. Mdogo wangu Kamau aliniita Inspekta. Sijapona, kusema kweli. Aya hii yenyewe nimeifuta na kuiandika tena, na bado naitilia shaka.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yangu. Baba alirudi kutoka mjini na nyama, imefungwa kwa gazeti na kukazwa kwa kamba ya katani. Wengine walingojea nyama, mimi nilingojea kifungashio. Gazeti nilianika juani, damu ikikauka nikalisoma lote, hata matangazo ya mbolea. Kiswahili changu kingi nilikipata hivyo, bila mwalimu, kikinukia mafuta ya ng'ombe. Habari nyingi sikujua zilianzaje, kwa sababu mwanzo ulikuwa umebaki buchani. Kamba nayo niliizungusha vidoleni na kuiweka kwenye mkebe mtupu wa mafuta ya Kasuku. Kamba nzuri namna ile ningeitupaje?

Basi mwaka mmoja, mvua za Oktoba zilipoanza, Cucu alishuka kutoka kwenye basi la Kerugoya na kitambaa kilichofungwa fundo. Cucu huyu ndiye aliyemzaa mama. Alikuwa mfupi, mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake. Kikimshika hakuweza kusimama. Alikaa chini popote alipokuwa, hata kwenye tope, akafuta machozi kwa pindo la leso. Ndani ya fundo lake mlikuwa na njahi, zile mbegu nyeusi zenye mstari mweupe. Mama alikuwa mjamzito, na kwetu mama akijifungua hupikiwa njahi ili damu irudi na maziwa yashuke.

"Lakini mama, si tutanunua sokoni?" mama alimuuliza.

"Nizaliwe kwa njahi za sokoni?" Cucu akashangaa. "Kwani mimi ni mgeni wa nani?"

Wasomaji wa kwetu wameshaelewa. Msichana wa kwanza huitwa jina la mama yake baba, na huyo ni mimi, Wanjiru. Ndiyo maana baba mwenyewe aliniita Maitu, yaani mama yangu, hata alipokuwa ananigombeza. Msichana wa pili huitwa jina la mama yake mama. Cucu Gathoni alikuwa amengojea miaka mingi. Mama alikuwa amepata mimi, akapata Kamau, kisha akanyamaza. Sasa Cucu alikuwa amekuja kujipandia chakula cha kuzaliwa kwake.

"Na akiwa mvulana?" Kamau aliuliza kwa furaha mbaya.

"Basi nitarudi nyuma ya foleni," Cucu akajibu.

Alizipanda kando ya ukuta wa jiko la nje, mahali penye joto, akachomeka fito ndefu za kutambalia. Njahi huhitaji jua, na Gatitu ina ukungu kuliko jua, kwa hiyo hakukuwa na nafasi ya kupanda mara ya pili. Kabla ya kuondoka alinishika mkono. "Wewe ndiye una macho ya kuona kidogo kilichopinda. Zilinde. Nisije nikazaliwa na njaa."

Fikiria kumwambia mtoto kama mimi maneno hayo. Sikulala vizuri msimu mzima.

Zikaota. Zikaanza kutambaa. Mimi sikupenda zilivyotambaa, moja huku moja kule kama wanafunzi wasio na mwalimu. Nikafungua mkebe wangu na kulifunga kila shina kwenye ufito wake, fundo juu ya fundo, yote kwa urefu mmoja, usawa wa goti langu. Ulikuwa ukuta wa kupendeza. Mama Wambui, jirani yetu, alipita akasema, "Wanjiru, hizi njahi ziko na nidhamu kushinda watoto wangu." Niliishi na sifa hiyo karibu wiki nzima.

Halafu baba akaleta Tomi. Alikuwa mbwa mdogo wa kahawia, sikio moja limesimama, jingine halijaamua. Tulimpenda sote mara moja. Asubuhi ya pili nilitoka nje nikakuta mashina mawili yamekatwa kwa meno usawa wa goti, majani yamenyauka juu ya ufito kama nguo zilizosahaulika, na Tomi amelala kando yake ameshiba amani.

Nilichokifanya ni kile ambacho mtu nadhifu hufanya. Nilisafisha, nikanyoosha yaliyosalia, nikayafunga upya kwa kamba nyingi zaidi. Usiku ule akala jingine.

Nikapaka mashina majivu. Tomi akapiga chafya, akala. Nikayapaka kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na maji, nikaadhibiwa shuleni kwa harufu, na Tomi akala. Kamau akashauri pilipili. Tuliitwanga sote wawili tukilia, nikapaka kila shina kwa manyoya ya kuku. Tomi alilamba, akakimbia hadi kwenye karai la maji, akanywa, akarudi kumalizia. Nikazungushia matawi ya kayaba yenye miiba. Miiba ilinichoma mimi. Mwishowe tulimfunga Tomi mwenyewe kwa kamba kwenye nguzo ya zizi, naye akaitafuna kamba ile, akajifungua, akaenda moja kwa moja kwenye njahi. Kama ningekuwa na akili badala ya wasiwasi, hapo ningeelewa.

Habari zikaenea. Mbwa wa akina Wanjiru anakula mboga! Mama Wambui alikuja kuangalia akiwa amejishika kiuno. "Haki ya nani, hii mbwa imeokoka. Ati imeacha nyama?"

"Jumapili tutaipeleka mbele itoe ushuhuda," Kamau akaongeza, nao wakacheka wakiegemeana mabegani.

Mimi sikucheka. Tumbo la mama lilikuwa limefika mahali pa kutangulia mlangoni. Kila shina lililokatwa nililiona kama kipande cha Cucu. Nilianza kuamini, kwa akili ya mtoto, kwamba njahi zikiisha zote mtoto atakuwa mvulana, na Cucu atarudi nyuma ya foleni kwa sababu yangu. Baba alinikuta nyuma ya jiko nimekaa na tochi. "Maitu," akasema, "mbwa ni mbwa. Kalale." Nilikwenda kitandani nikamsikiliza Tomi akitafuna gizani, krr, krr, kama mtu anayekula muwa kwa siri.

Mwezi wa Januari bucha ya mjini ilifungwa ikarabatiwe, na Jumamosi kadhaa zikapita bila nyama. Kamba za mkebe wangu zikaisha. Mashina yaliyobaki yakalegea, na mimi siwezi kuona kitu kimelegea, nikachana maganda makavu ya mgomba na kufunga matatu kwa hayo. Sikuyapenda. Yalikuwa mapana na mabaya. Matano mengine bado yalikuwa na mafundo yangu mazuri ya katani.

Asubuhi yake, mawili kati ya yale matano yalikuwa yameliwa. Yenye maganda ya mgomba hayakuguswa. Kesho yake likaliwa jingine la katani. Nilisimama pale na sare ya shule, kengele ikisikika kwa mbali, nikatazama maganda yale mabaya. Nikainama nikanusa fundo la katani kwenye shina lililokuwa karibu.

Lilinuka Jumamosi.

Nilimwita Kamau. Nilifungua fundo lile, nikairusha kamba uwanjani, na Tomi akairukia hewani, akaenda nayo chini ya ghala, akalala, akaishika kwa miguu ya mbele na kuanza, krr, krr, macho amefumba. Shina bichi la njahi lilibaki juu ya ufito, zima.

"Inspekta," Kamau akanong'ona, "ulikuwa unamwandalia meza."

Mashina matano yalibaki. Yote niliyafunga upya kwa maganda ya mgomba, mapana na mabaya. Tomi alipita kando yake kama mtu apitaye duka lililofungwa. Yakapanda hadi kwenye paa la jiko, yakatoa maua ya zambarau, kisha maganda ya njahi zenyewe.

Cucu alifika mvua kubwa zikikaribia. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba, kwa maneno mazito niliyoyatoa magazetini, lakini alipouliza tu, "Mbona zimepungua?" niliangua kilio, nikamwambia yote kwa mpigo mmoja: nyama, kamba, majivu, pilipili.

Alinisikiliza amekunja uso. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. "Ngoja. Ulimfungia mbwa supu kwenye shina langu, halafu ukamtilia na pilipili?" Akakaa chini, pale pale kwenye majani mabichi, kicheko kimemshika, leso machoni. Mama alitoka nje amejishikilia tumbo, akamwona mama yake ameketi ardhini, naye akaanza kucheka hata bila kujua kisa.

"Lakini hazitatosha, Cucu," nilisema.

"Mimi ni mtu mdogo. Nitazaliwa kwa sufuria ndogo."

Alichuma maganda yakiwa makavu. Njahi zilijaza bakuli moja, na hata halikujaa vizuri. Mama alijifungua wiki zile zile. Nilikuwa shuleni, nikarudi nikakuta moshi wa jikoni na harufu ile nzito ya njahi zinazopondwa na ndizi. Cucu alikuwa ameinamia sufuria ndogo kabisa ya nyumba yetu. Hakugeuka.

"Nimefika," alisema.

Hatukuruhusiwa kuonja, maana zilikuwa za mzazi. Mimi peke yangu nilipewa kulamba mwiko, na Kamau hajanisamehe mpaka leo.

Siku hizi watoto wetu wana raha, nami sitasema uongo kwamba nawaonea huruma. Ukimwambia kijana apande kitu kitakachochukua msimu mzima kukomaa, anakutazama kama umemwambia atembee hadi Kerugoya. Njahi wanazijua zikiwa zimechemshwa tayari, kwenye pakiti ya duka kubwa. Nilipomwambia mpwa wangu kwamba tulipaka shina pilipili kwa manyoya ya kuku, aliniuliza, "Anti, si ungeuliza simu tu?" Ingenijibu pia, nadhani. Ingeniambia ninunue dawa ya kupulizia.

Nina ua wangu sasa, na karakara zinazotambaa juu ya waya ulionyooka kuliko mstari wa rula. Mbwa wangu anakula chakula cha gunia, kwa saa yake. Nyama inakuja kwenye bahasha ya khaki, haina kamba wala habari za kusoma. Mwezi uliopita nilimwomba muuza nyama kipande cha katani, akanitazama, akakitafuta mpaka akakipata nyuma ya friji. Nilikipaka mafuta ya nyama mwenyewe, nikakifunga chini ya shina la karakara, usawa wa goti, fundo juu ya fundo. Mbwa wangu alikuja, akanusa kwa adabu, akarudi kwenye bakuli lake.

Ua hauna hata jani moja lililotafunwa. Ndicho nilichokitaka maisha yangu yote, na nilisimama pale nikiwa sina furaha nacho.

"Sasa hapo unafunga nini?" Gathoni, mdogo wangu, aliniuliza. Alikuwa amekuja kunitembelea, mwanamke mzima mwenye watoto wake, mfupi. Nikamwonyesha fundo. Nikamweleza habari za Tomi na njahi za Cucu, na kwa nini lilinuka nyama. Alikunja uso kidogo. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akashindwa kusimama, akakaa chini kwenye nyasi zenye umande na gauni lake zuri la kanisani, akitafuta pindo la kujifutia machozi.