Maji ya Mnavu

Mimi Felista ndiye niliyeolewa kwanza kwenye boma hili la Iyula. Kwa hiyo mama mkwe alipofariki, kikapu chake cha kuchumia mboga za porini kilikuwa changu. Lakini nani alikipata? Atuganile, mke wa shemeji yangu Sadoki, aliyekuja juzijuzi tu kutoka Ileje. Mimi nikaachiwa kitanda.

Nasema ukweli, wivu ulinila. Mtoto wa jirani akiumwa tumbo, anaitwa Atuganile. Mzee mwenye sukari anataka mchunga, ile mboga chungu, anaitwa Atuganile, naye anawaambia wote maneno yaleyale: "Kula mboga, lakini dawa za hospitali usiache." Hata hilo walilisifia, eti ana hekima. Mimi napika vizuri kumshinda, ila hakuna aliyewahi kuniuliza jina la jani.

Mwezi wa kwanza zikaja habari kwamba kuna dada wa chuo, Irene, anazunguka akiandika mboga za porini ambazo watu husema ni dawa. Nikajua jina la nani litaandikwa. Asubuhi ya siku aliyoahidi kuja, nikamtuma Atuganile aende mjini Mlowo akaninunulie mbolea. Mbolea yenyewe ninayo, mifuko miwili, imelala ndani.

Irene alipofika nikampitisha kwenye mashamba ya kahawa, kifua mbele. Huu mchunga. Huu mgagani. Huu mnavu. Majina si kazi, kila mtu anayajua. Akauliza, "Mnavu mkishauchemsha, maji yake mnafanyaje?"

Hapo nikakwama. Mama mkwe alikuwa na maji ya kunywa na maji ya kumwaga, lakini yapi ni yapi? Siku zile alipokuwa akifundisha, mimi nilikuwa nimenuna ndani. Nikasema, "Tunayanywa. Yanatuliza tumbo." Akaandika.

Kisha akafunga daftari, akatabasamu. "Bahati yangu, mama. Tumbo linanisumbua tangu Tunduma. Leo nachemsha, nakunywa kikombe kizima. Atuganile hakukosea. Nilimpigia wiki iliyopita, akakataa kunijibu lolote. Akasema nianze na dada yake mkubwa, ndiye mwenye nyumba."

Yaani hata nafasi niliyoiba, alikuwa ameshanipa. Hilo liliniudhi kuliko kikapu. Nikamwacha Irene aanze kuchuma mnavu wake, nikaenda nyuma ya nyumba, nikapiga simu.

"Maji ya mnavu yananywewa?"

"Hapana, dada. Ya kwanza yanamwagwa. Mama alikuwa anayamwaga mbali, hata kuku wasiyaguse. Ya kunywa ni ya mchunga. Kwani vipi?"

"Nimemwambia mgeni anywe."

"Mpe simu."

Nikampa, nikasimama palepale nikingoja aibu yangu. Nikasikia sauti ya Atuganile ikitoka kwenye simu, taratibu kabisa: "Dada Irene, salamu za mbali. Huyo dada yangu ana mtindo wa kumpima mgeni kama atauliza mara mbili. Hayo ya mnavu futa, mwaga, wala usiyaonje."

Irene akacheka, akaufuta ule mstari kwenye daftari. Juu ya karatasi akaliacha jina langu.

Atuganile alirudi jioni kwa bodaboda, amepakata mfuko wa mbolea. Hakuuliza kitu. Nilimchukia kwa kutouliza. Nikaupokea mfuko, nikauweka chini, maneno yakanitoka kwa shida:

"Kesho ukienda kuchuma, nipitie."

"Mwaka mzima nimekupitia, dada. Kila asubuhi nilibisha hodi mlangoni kwako, nikadhani umelala."

Sikuwa nimelala. Hodi zote nilizisikia.