Mji wa Madenge Kwenye Ramani

Nakumbuka Jumamosi moja ya masika, mwanangu, napanda njia ya utelezi juu ya Kinole nikiwa nimeficha ramani ndani ya shati, na moyo unanidunda kama wa mwizi. Sikuwa nimeiba. Ramani ile niliinakili kwa penseli yangu kutoka ile ya Wajerumani iliyokuwa misheni, na padri aliniruhusu. Kilichonitia hofu ni maneno niliyoyasema sokoni asubuhi ile, na mtu aliyeyasikia.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Mimi shule niliiacha darasa la sita. Kichwa kilikuwa kinataka, miguu ndiyo haikutulia. Nimekata miwa, nimeuza vitunguu kando ya barabara pale Dumila, nimebeba mnyororo wa wapima ardhi. Kwa wapima ndiko nilikoambukizwa ugonjwa wa ramani. Niliona kwamba zile za zamani zina majina ya miji ambayo leo ukiiuliza, watu wanakutazama tu. Waliokaa humo walikwenda wapi? Swali hilo lilinisumbua kuliko njaa, nami nikaanza kuwafuata, mlima kwa mlima.

Mji niliokuwa naufuata wakati huo uliandikwa "Kwa Madenge". Nilipofika palipoelekea kuwa ndipo, nilikuta nyumba chache na miti ya mdalasini. Mwenye nyumba ya juu kabisa, Bibi Koleta, mjane aliyekuwa akilea wajukuu wawili wa kike, alinipa chumba bila kuniuliza nitaondoka lini. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo, ingawa mimi nilikaribia kumponza.

Maana asubuhi ile ya Jumamosi, nikinywa chai sokoni, nilimwonyesha muuza chai ramani yangu. Nikapaza sauti kama mwalimu: "Mteremko wote ule ulikuwa mji wa Madenge!" Kijana mmoja mfanyabiashara wa ndizi, jina lake Bosko, akageuka.

"Madenge yupi? Madenge ni babu yake baba yangu!"

Akaninunulia chapati mbili. Akaniambia kwamba kesho yake, baada ya misa, mkutano wa kijiji ungesikiliza madai yake juu ya mteremko ule.

"Wewe ukunjue karatasi yako tu, kaka. Jina la babu likionekana kwenye ramani ya serikali, nani atabisha? Yule bibi atafute pa kwenda."

Chapati ya pili nikaiacha mezani. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, mwanangu, dole hupona.

Nilimkuta Bibi Koleta kibarazani anakwangua magome ya mdalasini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo, umefukuzwa na nguruwe?"

Nikamweleza yote. Hakuacha kukwangua. Mwishowe nikasema nitaitia ramani motoni, kesho niseme imelowa.

Hapo ndipo aliposhusha kisu.

"Uichome ili iweje? Bosko ameshajua. Na Madenge alikuwepo kweli, alikuwa mume wa bibi yangu mzaa mama. Ukimchoma, mimi nitamweleza nini nikikutana naye?" Akanitazama sana. "Wewe unasoma jina, unadhani umemsoma mwenye mji. Mzungu alipopita alimkuta Madenge amekaa, akamwandika. Wanawake walikuwa shambani. Madenge alioa hapa, akajenga hapa, akawa msemaji wetu kwa wageni. Mtu mwema. Lakini udongo huu ni wa lukolo, ukoo wetu wa upande wa mama. Alipokufa ndugu zake walikuja wakamchukua, wakamzika kwa mama yake, ng'ambo ya mlima, kwenye udongo wa ukoo wake. Umekula makopa yangu mwezi mzima, umeniuliza majina ya vijito na mawe. Hukuniuliza hata siku moja nani alimkaribisha nani."

Baba yangu alikuja Morogoro kutoka mbali, na kwetu mtu huhesabiwa kwa baba. Nilikuwa nimeisoma nchi ya Waluguru, wenyeji wa milima ile, kwa macho ya kwetu, na wala sikujua kama nina macho ya kwetu.

"Huyo Bosko," akaongeza, "baba yake ni mtoto wa mjomba wangu. Mimi ni shangazi yake. Usiende huko kunisemea uongo. Kaseme ulichokiona, kisha useme usichokiona."

Kesho yake misa niliisikia kwa sikio moja. Tulipotoka nje nikamwona Bosko na vijana wawili, na miguuni pao mzigo wa vigingi vya mpaka vilivyochongwa tayari. Bibi Koleta alikaa kwenye nyasi na wajukuu wake, mmoja kila upande, wamemshika kanga. Ndipo nilipoelewa kwamba wale watoto nao walikuwa wanajua.

"Kijana wa ramani, hebu simama," mwenyekiti wa kijiji akasema. "Karatasi yako inasemaje?"

Bosko akanitabasamia. Nikaikunjua karatasi.

"Inasema Madenge aliishi hapa," nikasema, na vijana wa Bosko wakapiga makofi. Nikangoja wanyamaze. "Haisemi alifika kwa nani, wala alizikwa wapi. Aliyeichora hakuuliza. Na mimi sikuuliza. Waulizwe wazee."

Tabasamu la Bosko likaondoka. Mzee mmoja akainuka, mtani wa ukoo wa Bibi Koleta, na unajua mtani hana wa kumnunia.

"Huyu bibi ni mchoyo, namjua, hata ugoro hanipi! Lakini wewe Bosko, unataka kurithi kwa wakwe wa babu? Basi dai na kanisa, si alisali humo? Dai na kisima, si alioga?"

Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akafunika uso. Kisha akauliza kwa upole, "Bosko, kaburi la Madenge liko wapi?"

Bosko akatazama vigingi vyake. "Ng'ambo."

"Kwa nani?"

"Kwa mama yake."

"Basi umejijibu. Shamba libaki lilipo."

Nilidhani kungekuwa na ugomvi. Bibi Koleta aliinuka, akakung'uta kanga, akapita mbele ya Bosko akamwambia, "Mtoto wa binamu yangu, umeamka na njaa. Njoo ule." Bosko akajitwisha ule mzigo wa vigingi, akaupandisha mwenyewe hadi jikoni kwa shangazi yake, na ndivyo vilivyopikia ugali tulioula siku ile.

Mwanangu, sasa ramani zilezile mnazo kwenye simu. Mnanitumia picha, mnaniuliza, "Mzee, huu mji ni wa akina nani?" nami kila mara naingiwa na baridi, kwa sababu najua pale palipo na jina leo kuna mtu anapika. Tafuteni, sikatazi, waliosahaulika wana haki ya kutafutwa. Ila ukiona jina, uliza nani hakuwepo siku linaandikwa. Uliza kwa desturi ya wenyewe, si ya kwenu. Na habari ya mahali mpelekee kwanza anayelala hapo, ndipo uipeleke sokoni.

Mungu akupe magoti ya kupanda milima hii, akupe wenyeji watakaokukaribisha, na ukiondoka kwao uwaache wamelala salama. Amina.