Mboga Isiyo na Chumvi

Miaka ile nilikuwa naamka nikiwa nimechoka. Sisemi hivyo ili nionewe huruma. Uchovu ulikuwa sehemu ya sare, kama kofia na saa ya kubandika kifuani. Wauguzi tulikuwa wachache, na kila mmoja alifanya kazi ya watatu, kwa sababu taifa lilikuwa linajengwa na tuliambiwa hakuna anayejenga akiwa amekaa. Jumanne nilikuwa kliniki ya wagonjwa wa akili. Alhamisi, kwenye meza ile ile iliyopinda mguu, nilikuwa kliniki ya presha. Wagonjwa walibadilika, ila mdomo uliotoa maagizo ulikuwa huu huu wangu.

Nilikuwa nimetoka Bukoba, na Wasukuma niliofanya nao kazi wadini hawakuacha kunitania kwamba Wahaya tumesoma hadi ndizi zetu zinaongea Kiingereza. Nilicheka, lakini moyoni nilijiona kweli nimesoma. Nilijua kwamba dawa ya huzuni huchukua wiki mbili tatu kabla ya kumfikia mtu, na kwamba wiki hizo ndizo za kumchunga, maana mgonjwa hupata nguvu za mikono kabla ya kupata hamu ya kuishi. Nilijua kukagua chini ya ulimi, wanakoficha vidonge. Na nilijua lithiamu.

Lithiamu tuliletewa na daktari mmoja wa kigeni, mpole, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Ilikuwa dawa ya wale ambao akili yao hupanda kama maziwa jikoni, kisha ikashuka hadi mtu hataki hata kunawa uso. Ilifanya kazi vizuri kuliko chochote nilichowahi kumpa mgonjwa, lakini haikutaka mzaha. Yenyewe ni ndugu wa chumvi. Mwili ukipungukiwa chumvi, figo huishikilia lithiamu badala yake, nayo hujaa kwenye damu hadi inakuwa sumu. Kwa hiyo tuliwaambia wagonjwa waendelee kula chumvi kama walivyozoea na wanywe maji mengi. Damu ya kupima kiwango ilipelekwa Dar, na majibu yalirudi baada ya wiki tatu, yakija mapema. Katikati hapo, maabara ilikuwa macho yetu.

Mgonjwa wangu wa kwanza wa lithiamu alikuwa mwalimu wa kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Magu. Mchana alifundisha watoto, jioni alifundisha wazazi wao kusoma. Alikuwa na mwandiko ambao sijauona tena. Kila kauli mbiu kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji ilikuwa kazi ya mkono wake. Akili ilipompanda alijaza kuta za wadi yetu hesabu za mkaa toka sakafuni hadi mkono wake ulipofika, na hata akiwa mwendawazimu vile, mistari ilikuwa imenyooka. Afisa elimu alikuwa amesema atampa muhula mmoja. Akiweza kufundisha muhula mzima bila kuugua, atabaki na ubao wake, akishindwa, basi.

Aliweza miezi miwili. Alikuwa anakuja Jumanne na vumbi la chaki kwenye mikunjo ya vidole, anajibu maswali yangu kwa sentensi kamili. Vidonge alivitunza mama yake, mjane, ambaye aliviweka kwenye kibuyu kidogo na kumpa mwenyewe kwa mkono, asubuhi na jioni. Alikuwa mtu wa kushika neno. Ukimwambia baada ya chakula, ni baada ya chakula, hata kama chakula chenyewe ni michembe mitatu ya viazi vilivyokaushwa.

Alhamisi moja nikamwona mama huyo kwenye foleni ya presha. Nilimjua. Watu nikiwasimulia hupenda kunisaidia hapo, wanasema pengine sikumtambua kwa wingi wa watu. Nilimtambua. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamuuliza hali ya mwalimu, akasema Mungu anasaidia. Kisha nikampima, presha ikawa juu, miguu imevimba, nikamwambia nilichowaambia wote tangu saa mbili asubuhi: punguza chumvi, mama, na ukiweza acha kabisa. Nikaita anayefuata.

Wiki chache baadaye alirudi. Presha ilikuwa imeshuka, nikamsifu mbele ya benchi zima ili wengine waige. Akaniambia, kama kitu cha pembeni, kwamba mwalimu mikono inamtetemeka kidogo, na Jumanne hakuja kwa sababu shule nzima ilikuwa shambani inavuna pamba. Nikamjibu kwamba kutetemeka kidogo ni kawaida ya dawa ile. Ni kweli, ni kawaida. Kwenye mtihani ningepata alama zote.

Siku kumi baadaye lori la pamba lilimshusha mwalimu mlangoni kwetu. Alikuwa anatembea kwa kupepesuka, ulimi mzito, mikono inaruka yenyewe, anaharisha. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amemgombeza mbele ya wanafunzi wake akidhani amelewa. Mama yake aliapa hajagusa pombe. Alidhani kichaa kinarudi, kwa hiyo alihakikisha hakosi kidonge hata kimoja. Asubuhi ile ile alikuwa amempa.

Daktari alinituma nimhoji mama. Nikauliza kama mwalimu ametapika, kama amekunywa dawa za kienyeji, kama amekunywa maji huko shambani. Mwisho nikauliza anakula nini.

"Tunachokula wote, sista. Chungu ni kimoja."

"Na chumvi?"

Akaniangalia kama mwanafunzi anayejua jibu. "Tuliacha yote. Tangu uliponiambia, hata chembe haiingii nyumbani kwangu."

Nilikaa chini. Hakukuwa na kiti, nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nyumba nzima ilikuwa inakula mboga chapwa kwa ajili ya miguu ya mama, na mwanawe alikuwa anatoka jasho kutwa kwenye pamba na kumeza lithiamu mara mbili kwa siku. Maagizo yote mawili yalikuwa sahihi. Na yote mawili yalikuwa yangu.

Tulisimamisha vidonge, tukamtundikia dripu ya maji ya chumvi. Chumvi niliyoitoa kwenye chungu chake nikairudisha kwa sindano, chupa baada ya chupa, siku sita. Hakufa. Kwenye faili daktari aliandika kwamba mgonjwa alipungukiwa chumvi. Hakuandika kwa neno la nani, na mimi sikumwambia. Niliona aibu, na niliogopa kupoteza kazi yangu.

Ulimi ulimrudi mwalimu kwa kiasi. Mkono haukurudi. Kabla hajaruhusiwa nilimpa kalamu na nyuma ya fomu tupu, akaandika jina lake, herufi zikatawanyika kama za wazazi aliowafundisha jioni, siku yao ya kwanza darasani. Aliliangalia kwa muda, akakunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni. Muhula haukuwa umeisha. Ubao walimpa mwingine, yeye akapewa kutunza majembe ya shule. Lithiamu alirudishiwa nusu, maana akili ilianza kupanda tena, na hatukuwa na kingine cha kuishusha.

Mama alikuja tena Alhamisi. Foleni ilifika nje kama kawaida. Alipokaa mbele yangu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ni yeye aliyemharibu mtoto, kwa sababu vidonge alimpa kwa mkono wake. Hilo sikuweza kulibeba. Nikamwambia si yeye, ni mimi. Nilimpa mwanawe dawa inayotaka chumvi, kisha nikamwambia yeye aitoe chumvi nyumbani, na sikukaa hata dakika moja kufikiri kwamba wanakula pamoja.

Hakupandisha sauti. Aliuliza sasa afanye nini, yeye na presha yake, mwanawe na dawa yake, na chungu ni kimoja.

Nikamwambia: "Mboga ikiiva, mama, pakua yako kwanza. Kisha ndipo utie chumvi kwenye chungu."

Alisubiri niendelee. Alipoona nimemaliza, alifunga upya kanga yake taratibu.

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu, mama."

"Hilo ningeliweza," akasema, akachukua kadi yake, akainuka kumpisha anayefuata.