Vigelegele Vitano

Kwetu Wakikuyu mtoto wa kiume akizaliwa hupigiwa vigelegele vitano, wa kike vitatu. Kaka yangu alizaliwa Kenya na akapigiwa vyake na nyanya pamoja na wanawake wa jirani, wote wakiwa wamesimama nje ya mlango. Mimi nilizaliwa hapa Minneapolis. Hapakuwa na mtu wa kunipigia, kwa hivyo Mama akanipigia mwenyewe akiwa kitandani, mara tatu, na wauguzi wawili wakaja mbio wakidhani anakata roho. Hadithi hiyo ameisimulia kanisani mara nyingi na watu hucheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sijawahi kucheka.

Sauti ya Mama ni kali na nyembamba, inapanda kama filimbi ya birika, na haikatiki mpaka aamue yeye. Kanisani kwetu mtoto akiletwa mbele kuombewa, hakuna mwanamke anayeanza kabla yake. Watamgeukia, wangoje. Nilipokuwa darasa la nane aliniletea sauti hiyo kwenye tamasha la shule, nikiwa mstari wa nyuma nimeshika filimbi ambayo hata sikuwa naipuliza. Mwaka mzima baada ya hapo wavulana walinisalimu nayo kwenye korido. Mimi ni mtu ambaye nikiwa kwenye basi la Columbia Heights hungoja mtu mwingine avute kamba ya kengele, na kama hakuna anayeshuka kituo changu, napitishwa, narudi kwa miguu. Sasa fikiria mtu kama huyo amepewa mama kama huyo.

Kaka alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo kidogo cha watu binafsi huko Saint Paul, kile chenye kanisa la mawe na miti mingi. Alikwenda kusoma, na jioni akawa anacheza soka na wenzake, mpaka kocha wa mpira wa Kimarekani alipomwona akipiga penalti. Akamwambia aje kwake. Katika mchezo ule wa majitu kugongana, kazi ya kaka ilikuwa moja: kuitwa, kupiga mpira uliosimamishwa chini, na kurudi kukaa kwenye benchi akiwa hajachafuka. Mama alikuwa hajawahi kumwona akicheza. Jumamosi zote alikuwa kazini kwenye nyumba ya wazee kule Crystal, akiwaogesha watu wasiojua jina lake.

Lakini mechi hii haikuwa ya kukosa. Wapinzani walikuwa kile chuo kingine kidogo cha ng'ambo ya mto, na chuo cha kaka hakikuwa kimewafunga tangu kabla Mama hajazaliwa. Wazee wenye fimbo walikuwa wanatoka miji ya mbali kuja kuona kama watakufa bila kuushuhudia ushindi huo. Mama akabadilishana shifti ya asubuhi na mwenzake Mkongo, akachukua ya saa tisa alasiri. Wiki nzima aliimba jikoni. Alisema anataka kitu kimoja tu, mtoto wake amsikie. "Tangu azaliwe sijampigia vitano," aliniambia. "Walipiga wengine. Mimi nilikuwa nimelala na maumivu."

Nilimfundisha sheria akikaanga chapati. Nikalaza mwiko juu ya vikombe viwili, nikarusha kipande cha unga juu yake.

"Juu ya mwamba?" akauliza. "Si hapo amekosa?"

"Huku, hapo ndipo amefunga."

"Watu wa ajabu," akasema, akageuza chapati.

Sikumwambia kwamba lazima mpira upite katikati ya milingoti miwili. Nilidhani kila mtu anajua.

Tulipelekwa na mama mmoja wa kanisani, jirani yetu, mwanamke mcheshi ambaye huendesha gari huku akiongea kwa mikono yote miwili. Baba alikuwa barabarani na lori lake. Ilikuwa baridi ya kuuma meno. Mama alivaa koti lake la baridi na juu ya koti akajifunga kitenge cha manjano, basi ukiangalia upande wetu wa uwanja ulimwona yeye kwanza, halafu wengine. Tulikaa ubavuni, chini, kati ya watu wa chuo chetu. Safu mbili nyuma yetu walikaa vijana watano au sita, na wawili kati yao niliwajua. Walikuwa wasichana wa shule yangu, darasa langu la kemia. Nilivuta kofia mpaka kwenye nyusi.

Kaka aliitwa mara ya kwanza kabla ya mapumziko. Watu wetu wote wakanyamaza, maana ndio desturi, mpigaji wako akisimama unanyamaza. Maelfu ya watu na hukusikia kitu ila bendera zikipigwa na upepo. Akapiga. Mpira ukapaa juu sana, ukapita juu ya mwamba, na ukapita nje ya mlingoti wa kushoto. Kutoka pale tulipokaa usingeweza kuona hilo la mwisho. Mama aliona mpira umepita juu. Aliona marefa wenye fulana za mistari wakipunga mikono huku na huku, akadhani wanacheza. Alisikia upande wa pili wa uwanja ukilipuka kwa furaha. Akasimama juu ya benchi, akaweka mkono mdomoni, akapiga vigelegele vitano, vyote, kimoja baada ya kingine, bila haraka, katikati ya watu walioshika vichwa.

Jirani yetu alidakia kwenye cha tatu, akamalizia naye.

Mzee aliyekuwa mbele yetu aligeuka, akamwambia Mama kwa upole kabisa kwamba mpira umekosa. Mama akamjibu asante, maana hakumsikia vizuri. Ndipo vijana wa nyuma wakaanza. Mmoja alijipigapiga mdomo kwa kiganja, kama wanavyofanya watoto wakiigiza Wahindi Wekundu, na wengine wakamfuata, wakacheka, wakafanya tena. Msichana wa kemia alikuwa amenyanyua simu. Niliwaza nilivyo ndani ya kioo chake, kofia yangu, na kitenge cha manjano kikiwa kimesimama juu ya kichwa changu.

Mama akaketi, akauliza wanafurahia nini.

Nikamwambia, "Kaka amesema usipige tena."

"Amesema lini?"

"Asubuhi. Kwa simu. Amesema unamwaibisha. Aliogopa kukuambia mwenyewe."

Kaka hakuwa amepiga simu asubuhi. Hakuwa amesema lolote, siku yoyote. Maneno yalitoka yenyewe yakiwa yamepangwa, hata lile la kuogopa, ambalo sijui nililitoa wapi, na ndilo lililomwingia.

"Aliogopa," akasema Mama. "Mimi?"

Alifungua fundo la kitenge, akakikunja mara nne kama anavyokunja mashuka ya wazee, akakitia kwenye mkoba. Hakuniuliza tena. Jirani yetu alikuwa amekwenda kununua chai na hakusikia.

Kipindi chote cha pili Mama alikaa na mikono katikati ya magoti. Na ndicho kipindi kilichoandikwa kwenye magazeti ya mji. Tulikuwa nyuma kwa pointi mbili na saa ya uwanja imebakiza sekunde chache. Kaka akaitwa tena, mbali zaidi kuliko mara ya kwanza, kupiga mkwaju wa pointi tatu. Watu wakanyamaza. Kabla ya kupiga aligeuza kichwa kuelekea upande wetu, kidogo tu. Mama alitazama chini.

Akafunga. Hiyo niliijua kwa marefa, mikono yao yote ilinyooka juu. Mzee wa mbele alikaa chini akalia na kofia usoni. Watu waliruka uzio wakaingia uwanjani. Jirani yetu alimwaga chai yake yote, akamshika Mama mabega.

"Piga basi, dada! Mtoto ni wako huyo!"

Mama alipiga makofi mawili. "Wazungu wana utaratibu wao," akasema.

Kaka alikuwa amebebwa mabegani. Alivua helmeti, akatutafuta kwa macho mpaka akatupata, akaweka kiganja kwenye sikio na kuinamisha kichwa upande wetu. Aliomba. Mtoto mdogo angeelewa kwamba anaomba. Mama akanigeukia.

"Umeona?" akaniambia. "Bado anaziba masikio."

Nilikuwa na nafasi. Ilikuwa sentensi moja tu. Nikasema tutachelewa, shifti yako ni saa tisa.

Alikwenda na jirani kuwasha gari, akanituma mimi kumpelekea kaka chapati zake. Nilimkuta katikati ya watu wanaompigapiga mgongoni. Sisi wawili huongea Kiingereza, na kwa Kiingereza akaniuliza Mama yuko wapi. Nikasema kazini.

"Ile ya kwanza niliisikia," akasema. Alikuwa anacheka, jasho linafuka kwenye baridi. "Nimekosa vibaya vile na bado mtu ananipigia vitano. Nikacheka ndani ya helmeti. Mwambie ndiyo iliyonitoa woga. Mwambie hivyo hivyo. Mbona hakurudia?"

"Alichoka," nikasema.

"Mwambie, sawa?"

Nikasema sawa.

Mama alikuwa kiti cha mbele, ameshavaa sare ya kazini, kitambulisho kifuani. Aligeuka nilipofunga mlango.

"Amesema nini?"

"Amesema asante kwa chapati."

Akaitikia kwa kichwa. Tulimteremsha Crystal saa tisa kasoro dakika tano.

Video ilizunguka shuleni siku tatu, kisha mtu mwingine akaanguka kwenye ngazi za kantini na watu wakasahau. Ningeweza kuivumilia. Hilo ndilo linaloniudhi, kwamba ningeivumilia.

Mwezi wa Mei kaka alihitimu. Wanawake wa kanisani walijaza safu nzima. Jina lake liliposomwa alipanda jukwaani, akapokea karatasi yake, akapunguza mwendo pale katikati, hatua mbili, labda tatu. Wanawake wote wakamgeukia Mama, wakangoja. Mama alikuwa anapiga makofi, vidole vikiwa vimenyooka, kama wapigavyo watu wa hapa. Jirani yetu akamgusa kiwiko. Mama akatikisa kichwa, akanitazama mimi, akatabasamu, tabasamu la watu wawili wenye siri.

Mimi najua kupiga. Nimejifunza bafuni maji yakiwa wazi. Nilikaa nimefumba mdomo mpaka kaka alipoongeza mwendo na kushuka upande wa pili.