Taa ya Kushoto

Watu wa Bukavu wanaoona leo magaraji yangu mawili wanasema huyu alizaliwa na bahati. Bahati gani? Nilikaa miaka miwili tu kwenye mabenchi ya mapadri kule Walungu. Mikono hii ndiyo iliyosoma. Kabla ya uhuru, patron wangu, mkoloni mmoja aliyekuwa na garaji mjini na nyumba Nguba karibu na ziwa, hakuruhusu mweusi mwingine yeyote aguse gari lake la zamani. Mimi tu.

Gari lile lilikuwa na umri wa kunipita. Taa zake mbili za mbele zilikuwa za shaba ya manjano, kubwa kama sufuria, na hazikujua umeme. Unatia ndani mawe ya kabiri, unadondoshea maji, gesi inapanda, unawasha kwa kiberiti, kama taa za wachimba dhahabu wa Mwenga. Harufu yake mbaya sana. Patron alipokwenda likizo Ulaya aliniagiza nilitengeneze gari lipendeze. Kwangu mimi kitu cha kupendeza kilikuwa kitu kipya, basi. Nikang'oa taa zile, nikafunga mbili za umeme kutoka lori lililopinduka. Jioni nilipoziwasha wenzangu walipiga makofi, na mimi niliona ni haki yangu.

Desturi ya garaji letu ilikuwa hivi: kilichong'olewa ni cha aliyeking'oa. Muke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, na kwa watu wetu mzazi hatoki nje mara ya kwanza bila bangili mpya. Nikavitoa vioo na vidude vya ndani, nikavitupa katika sanduku, kisha taa zote mbili nikampelekea muzee mmoja mhunzi, kule mtaa wa Kadutu. Taa ya kushoto akaiyeyusha, ikatoka bangili nne nzito. Ya kulia aliiweka, tukisema ingoje mtoto wa pili.

Kisha ikaja barua. Karani aliisoma mbele yetu sote: "Patron anarudi kisha siku kumi. Anasema upanguse zile taa za shaba mupaka ziwake. Hakuna zingine kama zile mu Kivu yote. Ataonyesha gari siku ya mungu kisha misa, na wageni watatoka Usumbura."

Aliyeharibu mali ya mzungu, buku yake ya kazi iliandikwa vibaya, na buku mbaya maana yake huna kazi, na asiye na kazi hana ruhusa ya kukaa mjini. Tungefukuzwa na mtoto wa wiki sita, kama si mimi kwenda gerezani kwanza.

Nilikimbia Kadutu. Muzee alinisikiliza huku akivuta kiko chake, wala hakunihurumia. "Shaba haipotei," akasema. "Saa hii iko ku mikono ya muke yako. Wende umuombe."

Nimewahi kubishana na wazungu, lakini mlango wa nyumba yangu siku ile ulinishinda. Kuchukua tena zawadi ya mzazi ni aibu. Hata mlevi hafanyi. Nilimweleza muke wangu nikitazama chini. Hakupiga kelele.

"Wamama ku robine ya maji wakiniuliza, niseme nini? Bwana yangu aliiba?"

"Sema nimepeleka kusafisha."

"Kila siku unasema uko mekanisie wa kwanza ya Bukavu," akasema, akipaka sabuni mikononi ili bangili zitoke. "Tutaona."

Kila nilipotoka kazini, na Jumapili nzima bila misa, nilikaa kwa mhunzi. Yeye aliyeyusha, mimi niligonga. Taa ya kulia tuliiweka mbele yetu kama mwalimu. Mara mbili bati la shaba lilipasuka, mara mbili tukaanza upya. Herufi za kiwanda nilizichora kama mtu anavyochora ndege, bila kuzisoma. Na ilipokamilika, laini, safi, nikakumbuka: taa ya kushoto ilikuwa na kidonda. Jiwe liliipiga kwenye njia ya Sange, zamani. Kidole changu kilikijua kidonda kile kwa miaka ya kupangusa. Nikashika nyundo, nikaipiga kazi yangu mwenyewe usoni. Kisha nikatia vioo na vidude, nikang'oa taa za umeme, nikazifunga zile mbili mahali pake.

Patron aliporudi hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye taa ya kushoto, akapitisha gumba, taratibu, akalisimamisha pale pale penye kidonda. Mimi nikazidi kupangusa taa ya kulia kwa kitambaa.

"Iko," akasema, akaingia nyumbani kula.

Siku ya kuonyesha magari, alisimama na wageni, akawaambia kwa Kifaransa kwamba hakuna kitu kwenye gari hili ambacho hakikutoka nalo kiwandani. Waguse taa hii ya kushoto, akasema. Mikono ya kufanya kazi kama hii imekwisha duniani. Wakaigusa, mmoja mmoja. Muke wangu alikuwa ng'ambo ya kamba, mtoto mgongoni, hatua tano kutoka kwangu.

Madame mmoja wa Usumbura aligeuka akaniangalia na kitambaa changu. "Ni wewe ulitengeneza?" akauliza kwa Kiswahili chake.

Patron alikuwa ananitazama.

"Hapana, madame," nikasema. "Mimi napangusa tu."