Kelele Alizozitaka Mke wa Fundi Masikio

Hospitali nzima ilimjua kwa jina la Fundi Masikio, na hata akipigiwa simu alijibu hivyo hivyo, "Fundi Masikio hapa," kana kwamba ndilo jina alilopewa na mama yake. Kazi yake ilikuwa kuwafungia watu vifaa vya kusikia. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, ukishapita dirisha la dawa, kuta zimebandikwa sponji nene mpaka juu na mlango mzito kama wa friji la bucha. Ukifungiwa humo unasikia mapigo ya moyo wako mwenyewe. Humo ndimo alimowakalisha wazee wanaogombana na wajukuu kwa sababu ya redio, na watoto ambao walimu wao walidhani ni wazito wa kuelewa kumbe hawasikii. Anawavisha kifaa, anakiwasha, kisha anasimama nyuma yao na kuwaita kwa sauti ya chini. Mtu akigeuka, Fundi anacheka mpaka gego la mwisho linaonekana.

Na nyumbani je? We acha tu! Nyumbani mke wake alikuwa hasikii.

Majirani hawakulilazia damu hilo. Walisema Fundi anazibua masikio ya dunia nzima, halafu akifika kwake anaomba chumvi kwa vidole. Ilimchoma kwa sababu ilikuwa kweli.

Mke huyo, kabla ya kuugua, alikuwa na mdomo, jamani! Fundi alimwita Chiriku. Mmoja yuko bafuni, mwingine yuko jikoni, na soga halikatiki. Ukuta uliokuwa katikati yao haukuwa kitu. Kisha homa kali ikamlaza yule mama, na alipoinuka alikuwa mzima kila mahali isipokuwa masikioni, ambamo kilibaki kijisauti kidogo sana. Tangu hapo Fundi akitaka kusema neno ilibidi aende akasimame mbele ya mkewe, amguse bega, asubiri atazamwe mdomoni. Na mtu hawezi kufanya yote hayo kwa ajili ya kusema upuuzi. Basi upuuzi wote ukaisha ndani ya nyumba ile, yakabaki mambo ya maana tu: bili ya maji, dawa, watoto walioko mbali wamepiga simu. Fundi alikuwa anamkumbuka mke wake hali amekaa naye meza moja.

Vifaa alimletea, tena si kimoja. Vyote viliishia kwenye droo. "Vinanipigia kichwani kama mabati," mkewe alisema, na akifika hapo hakuna wa kumgeuza.

Ndipo akaja Mhandisi. Alikuwa mwanamke kijana, mkimya, mwenye begi kubwa la kompyuta, aliyetumwa na chuo kuleta utaratibu mpya hospitalini. Zamani Fundi alimimina uji mzito ndani ya sikio, akasubiri ugande, akautuma mbali kutengenezewa kalibu ya kukishika kifaa sikioni, na mgonjwa akangoja mpaka akasahau kama aliwahi kupimwa. Sasa kamera ndogo inachungulia sikio, printa inachonga kalibu, na mgonjwa hajamaliza hata chai. Fundi alinuna siku mbili tatu za mwanzo, si unajua watu wazima. Lakini Mhandisi alipomwonyesha programu inayochuja sauti, inayotupa kelele na kubakiza maneno ya watu, alilegea mwenyewe. Siku hiyo hiyo alimwomba amtengenezee mkewe.

Mkewe alikubali kwa sharti. "Hiki ndicho cha mwisho, baba watoto. Kikinishinda, uniache na uziwi wangu. Nimechoka kujaribiwa kama gari bovu."

Fundi alimkalisha kwenye kile chumba cha sponji, akamvisha, akaenda nyuma yake. Akaita kwa sauti ya chini kabisa, "Chiriku."

Mkewe akageuka.

Fundi akalia, mwanamume mzima mwenye mvi kidevuni, mpaka Mhandisi akajifanya anatafuta waya chini ya meza.

Sasa ungedhani mambo yameisha. Thubutu! Haukupita muda mrefu akakuta kifaa kimefungwa kwenye leso, kimewekwa juu ya meza ya kulia. Alimgusa mkewe bega akamuuliza tatizo ni nini tena.

"Hakina tatizo," alisema mkewe. "Unaposema nakusikia, tena vizuri. Lakini nyumba imekufa. Hakuna kitu kinachosikika humu mpaka mtu afungue mdomo. Nakaa, nageuka, nakukuta umesimama hapo kama jini. Bora uziwi wangu, ule nimeshauzoea."

Fundi aligeukia dirisha akanong'ona kwamba wanawake wengine hawaridhiki hata washushiwe nyota.

"Hilo nimeliona kwenye kioo cha dirisha," mkewe akamwambia.

Kesho yake kazini alikuwa hashikiki. Alimweleza Mhandisi yote, jinsi kifaa kinavyofanya kazi barabara na mkewe anavyokikataa, na mwishoni akauliza afanyeje na kichwa kigumu kama kile.

Mhandisi hakutetea mashine yake. "Mzee wangu, ulimuuliza anataka kusikia nini?"

"Si watu wakiongea! Kwani watu wanataka kusikia nini kingine?"

"Sijui," alisema Mhandisi. "Ile sehemu ya kuchuja niliiandika mimi mwenyewe. Nilichagua kelele ni zipi, na sikumuuliza mgonjwa hata mmoja."

Maisha yake yote Fundi alikuwa akiwapima watu ndani ya chumba kisicho na sauti, akiwarudisha kwenye nyumba ambazo hajawahi kuzisikia. Jioni ile alikaa mbele ya mkewe, akamvisha kifaa, akamuuliza lile swali. Mkewe alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja tena.

"Nataka kukusikia ukija," alisema.

"Nikija wapi?"

"Ukija nyumbani! Geti, viatu vyako, funguo unazoziangusha kila siku, kile kikohozi chako. Ulikuwa hujagusa mlango mimi nimeshajua umeudhiwa kazini au umefurahi. Nilikuwa nawe kabla hujafika. Maneno yako nayasoma mdomoni, baba watoto, nayapata. Lile la kuja ndilo nililopoteza, na hata kulia nimelilia, wewe hukuwepo."

Fundi aliona aibu na huruma kwa pamoja. Geti, viatu, funguo, kikohozi: vyote hivyo ndivyo programu ilivyokuwa ikivitupa, na yeye ndiye aliyeisifu.

Mhandisi akaja nyumbani na begi lake, akaketi kwenye kigoda jikoni, kompyuta magotini. Haikuwa desturi kufunga kifaa nje ya hospitali. Baadaye yeye na Fundi waliifanya iwe desturi, wakazunguka majumbani kwa watu, na mzee mmoja akawaambia hana haja na wanadamu, anataka kuwasikia kuku wake. Siku hiyo, hata hivyo, walikuwa wanabahatisha tu. Mhandisi alikuwa anafungua sauti kidogo kidogo na Fundi anazunguka nyumba nzima, anafungua bomba, anagonga sufuria, anaburuta viti. Mkewe alikuwa anafumba macho, anakunja uso, halafu anaangua kicheko.

"Lo! Hiki kiti kumbe kinalia namna hii? Na mnanikalisha juu yake?"

Wakaacha kila kitu wazi, hata mluzi wa upepo chini ya mlango. Mhandisi akasema jaribio la kweli litakuwa kesho, Fundi akirudi kazini.

Kesho hiyo Fundi hakufanya kazi ya maana. Alimvalisha mgonjwa kifaa cha kulia kwenye sikio la kushoto, akajicheka peke yake. Alipofika kwenye geti lake alisimama kama bwana harusi anayeogopa kuingia ukumbini. Aliapa hatafanya ujanja, hatakohoa makusudi wala kutikisa funguo. Akafungua geti. Akapita uani, akapanda ngazi za barazani, mguu mmoja ukitangulia na ule wenye goti bovu ukivutwa nyuma yake, kama anavyopanda siku hizi.

Kutoka jikoni ikaja sauti ya mkewe, kali, yenye woga. "Nani? Nani huyo?"

Alisikia! Fundi alitaka kupiga kelele za furaha, lakini papo hapo akatambua kwamba mkewe hakumjua. Alisukuma mlango. Mkewe alikuwa amesimama na mwiko mkononi, anamtazama miguuni.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Toka nje. Ingia tena."

Alitoka, akaingia tena. Mkewe alikuwa amefumba macho, na machozi yalikuwa yanapita chini ya kope.

"Huyu ni mzee," alisema. "Nimekuona ukichechemea, mimi si kipofu, na goti hilo nalikanda mwenyewe. Lakini kichwani mwangu ulikuwa bado unakuja na zile hatua zako za haraka haraka, ngazi unaziruka. Zile ndizo nilizokuwa nazisubiri kila jioni."

"Zile zimekwenda, mama watoto."

"Zimekwenda lini, na mimi sikusikia?"

Mkewe akafuta uso kwa kiganja, akaweka mwiko chini, akavuta kile kiti kinacholia na kukaa akiwa ameupa mlango mgongo.

"Haya, rudi getini," alisema. "Uje tena, polepole hivyo hivyo, nikuzoee."